Mkeka wa Mzee wa Kiev

Baba,

Hapa Kilburn mvua ni ile ile, na kiti chako cha dirishani amekirithi Salma. Mjukuu wako huyo bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Lakini juzi alitaka hadithi ya Mzee wa Kiev kwa Kiswahili, kama ulivyokuwa ukimsimulia.

Ulisoma Kiev ujanani, ukarudi Unguja na koti zito na hadithi hiyo moja. Nikaanza: Mzee huyo alikuwa mwana wa watawala wa Urusi ya kale, aliyekulia juu ya farasi, akapewa mji huu na ule, akipigana na wavamizi wa nyikani. Ndugu wakagombania vyeo hadi vita, na humo binamu yake akamuulia mwana. Yeye akamwandikia binamu huyo barua ya amani.

Hapo nilisimama, Baba. Nilimkumbuka kaka Hamadi.

Ulipofariki alikuwa safarini Unguja, na kwetu maiti haingoji ndege. Tulikuzika haraka kama dini inavyotaka. Aliporudi akaniambia, "Umenizikia baba yangu mimi sipo." Hakuja hitimani, na Wembley anakokaa si mbali. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hakuna jirani aliyetia neno. Nami ukaidi wangu unaujua, ni wako: aje yeye, mimi nimekosa nini?

Nikamalizia hadithi kwa shida. Kiev ilipomwita Mzee huyo aje atawale, kwanza alikataa. Mji ulipochafuka kwa ghasia akaingia, akautuliza, akautawala mpaka kufa kwake. Ulikuwa ukipenda kusema, "Mwenye uchungu ndiye aliyeanza kutafuta amani, ndiyo maana yeye na binamu yake wakaja kukaa mkeka mmoja." Sidhani kama Warusi wale walikuwa na mikeka, lakini nani angekubishia?

Salma alipolala nikampigia Hamadi. Sikujitetea. Nilimwambia tu kwamba nina uchungu na baba hayupo. Nikamsikia analia.

Jumapili alikuja. Nilitandika mkeka wako wa ukindu mbele ya televisheni, tukakusomea Yasini, Salma katikati yetu. Tulipomaliza, mtoto akauliza, kwa Kiswahili, "Mjomba, yule binamu alijibu barua?"

Hamadi alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Alikuja, mwanangu. Alikuja akakaa."

Pumzika, Baba. Mungu akulaze pema. Mkeka sijaukunja, na maadamu niko hai sitaukunja. Hamadi anakuja tena Jumapili.

Mwanao,
Zuhura