Bolti ya Kabatini

Baba watoto,

Chakula kimo kwenye sufuria ya bluu, kipashe moto. Watoto wasiingie gereji miguu mitupu, kuna oili imemwagika. Na ile trei ya mayai dirishani isiguswe: kila shimo lina bolti za mahali pake.

Ndiyo, injini tumeitoa. Ulisema tukungoje, lakini fundi alikuja asubuhi na winchi yake, na ngojangoja huumiza matumbo. Injini ilipopanda, lile gari zee likainua pua kama mtu aliyetua gunia.

Fundi akainama kuchungulia, akacheka. Injini na giaboksi hushikana kwa bolti sita. Sisi tulifungua tano. Tundu la sita tupu, limejaa kutu. "Nani alifunga hii mara ya mwisho?" akauliza. Ni wewe, mwaka aliozaliwa kitindamimba wetu. Bolti moja ikabaki, ukaiweka kabatini ndani ya kikombe, ukawaambia wageni kwamba kiwandani walikupa ya akiba.

Miaka tisa gari linagonga, na miaka tisa unasema ni mguu wangu mzito kwenye klachi. Mwaka jana ukaninyang'anya funguo mbele ya mama yako.

~~Sina hasira.~~ Hasira ninayo, ila imepoa. Bolti ndiyo hiyo iliyokandamiza karatasi hii. Umpelekee fundi wewe mwenyewe.

Nimekwenda kwa dada kwa miguu, kama ulivyonizoesha. Funguo ninazo mimi. Najua gari halina injini.

Dereva wako,
Mama watoto