Utando Mweusi Kwenye Waya

2 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Najua u mzima, mgonjwa hawezi kufanya kazi mpaka Jumapili kama wewe. Mimi sijambo, isipokuwa haya masikio. Moja limekufa kabisa, jingine linasikia ukiinama na kupaza sauti. Simu nimeiaga, kwa hiyo tuandikiane.

Kinyozi asiyesikia ni balaa, mama. Wateja wangu huja kwa maneno zaidi kuliko kwa nywele, nami siku hizi nacheka nikiona wenzangu wanacheka. Juzi mtu alikuwa anasimulia msiba wake, nikacheka. Aibu yake ninayo mpaka leo.

Daktari ameniandikisha kwenye majaribio ya kifaa cha sikio kinachowekwa ndani kwa upasuaji, chenye nyaya mnazotengeneza huko maabara kwenu. Hebu nieleze kwa lugha ya kinyozi. Shangazi yako anakusalimu.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo baba,

Barua imenifikia, nikacheka kisha nikalia. Mimi niko salama, mafua tu ya hapa na pale.

Nyaya ndizo zenyewe. Ncha ya kila waya, elektrodi, hukaa karibu na mshipa wa fahamu wa kusikia na kuuamsha kwa umeme. Chuma kitupu kina ukinzani mkubwa: lazima ukisukumie umeme mwingi, nao unaumiza. Sisi tunakipaka utando mweusi wa plastiki inayopitisha umeme. Ndani una vitundu kama sponji, kwa hiyo unabeba chaji nyingi mahali padogo, na ukinzani unashuka. Umeme kidogo unatosha. Vipimo vyetu vinapendeza, baba. Utasikia.

Mwanao

7 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi mwilini sijambo, moyoni hapana.

Elektrodi tunazipima zikiwa ndani ya maji ya chumvi, kwa kuwa mwilini nako kuna majimaji. Zamu ya kuongeza maji ilikuwa yangu, nikasahau, zikakauka. Nilizilowesha upya nikapima. Ukinzani ulikuwa umepanda, na chaji zinayobeba imepungua nusu. Kwenye darubini utando umebanduka kama rangi ya ukuta mbovu. Nikakausha nyingine kwa makusudi, yakawa yale yale. Na za hospitali zinasafirishwa zikiwa kavu.

Nikisema, majaribio yanasimama, sijui mpaka lini. Mkuu wetu bado sijamwambia. Nimekuandikia wewe kwanza.

Mwanao

18 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu. Hapa wote wazima.

Nyamaza, mama. Nakuomba mimi baba yako. Utando ukibanduka baada ya mwaka, nitakuwa nimesikia mwaka mzima. Mimi ni mtu mzima, najua ninachokitaka. Sijawahi kukuomba kitu.

Baba yako

2 Mei

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Nisamehe, nimewaambia. Vipande vinavyobanduka vinabaki humo humo ndani ya sikio, na wanaongoja si wewe peke yako. Majaribio yamesimamishwa. Una haki ya kunikasirikia, lakini nijibu.

Mwanao

30 Juni

Shikamoo baba,

Shangazi ananiambia kwenye simu kwamba u mzima, unakula, unafungua kibanda, ila jina langu likitajwa unatoka nje. Hata kama ni kunigombeza, andika.

Mwanao

11 Septemba

Marahaba mwanangu. Marahaba za miezi yote niliyokunyima.

Nilikununia kweli. Nilimwambia shangazi yako kwamba nimesomesha mtu wa kunifungia mlango.

Wiki iliyopita tuliitwa hospitali kuelezwa. Tulikalishwa kwenye benchi kwa zamu zetu, na mbele yangu alikuwa mtoto wa kama miaka miwili, kapakatwa na mama yake. Muda wote alikuwa anavuta kifungo cha shati langu. Yeye ndiye angeanza kuwekewa, mimi ningefuata. Nikakitazama kile kichwa kwa jicho la kinyozi, nikaona mahali ambapo wangemnyoa.

Umefanya sawa. Naandika hivyo na roho inaniuma, kwa sababu bado nilitaka kusikia.

Daktari ameniandikia kwenye karatasi kwamba sikio lililobaki nalo halifiki mwakani. Sauti yako imeanza kunipotea. Juzi nilijaribu kuikumbuka, ikanijia ya marehemu mama yako. Omba ruhusa kazini uje. Usilete kitu. Kaa karibu yangu uongee, chochote, hata hizo habari za utando, mpaka nikwambie basi.

Baba yako