Moshi Mnaotaka Kuuzika

Itumbe, Jumapili jioni

Mjukuu wangu Moraa,

Nyanya yako anakusalimu. Mguu bado unamsumbua, lakini chai anachuma.

Umeniuliza kama si ghali mno kuinasa kaboni ya mitambo ya umeme, kuisafirisha kwa mabomba na kuizika chini ya ardhi. Nilichochea moto katika kiwanda cha chai, kwa hivyo moshi naujua. Kuzika pia najua.

Tulipomzika dada yangu Kerubo nyuma ya migomba, mama alipanda mti upande wa kichwa, akaniambia, "Wewe ndiye utakayekuwa unapaangalia." Nikaenda kufanya kazi kiwandani. Huku nyuma ndugu zangu waliukata mti ule, wakauuza kama kuni kiwandani kwetu. Labda niliutia motoni mimi mwenyewe. Leo pale ni chai tupu, na nikichuma sijui amelala wapi.

Bei ya mabomba na mashimo mtaijua, na mtalipa. Lakini waulize walimu wako ni nani atakayepalinda hapo juu ya mashimo nyinyi mkishazeeka, na nani atamlipa. Mimi niliombwa kumwangalia mtu mmoja tu.

Babu yako