Barua Tamu ya Sorvano

Jumapili, 2 Machi 2025

Nimecheka mpaka kisigino kimesahau kuuma. Diana ameitwa! Marathoni ya Italia, mwezi ujao, na wanaomwita ni Sorvano wenyewe, ile kampuni ya viatu. Miaka yote hii amekuwa mweka kasi, akiwavuta wengine mbele, halafu wao ndio wanavishwa bendera. Sasa ni yeye.

Kusoma email leo ilikuwa zamu ya Felix. Hapa kambini kila kitu ni cha wote — sufuria, sabuni, kuteka maji, na email pia. Mwenye zamu anafungua za kila mtu baada ya chakula na kutusomea kwa sauti kama katekista. Password ni moja, jina la ng'ombe wa Kocha Kibet. Nilipokuja Kaptagat niliona ni maajabu. Kwetu Bungoma hata kijiko kina mwenyewe. Lakini nilizoea, nikapenda.

Basi Felix akasoma: hongera Diana, familia ya Sorvano inajivunia wewe, barua yako ya mwaliko iko tayari, bonyeza hapa uthibitishe akaunti yako. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, rangi za Sorvano, nembo ya Sorvano. Akaandika jina la ng'ombe. Ukasema asante. Tulipiga makofi! Diana alimpigia mamake kule Kesses, na mama ameshaanza kusugua kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kumpokea mshindi. Mungu ni mwema.

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya mwaliko hakuna. Email ya Diana haifunguki. Felix akajaribu ya mwenzetu Jemutai — wapi. Yangu — wapi! Ng'ombe mmoja, na milango yetu yote.

Kocha alipoambiwa akasema hiyo haikuwa Sorvano. Ni mwizi aliyevaa Sorvano.

Nilimfokea Felix maneno ambayo sitayaandika. Alikuwa amekalia ndoo, hainui macho. Diana, ambaye ndiye mwenye msiba, akaniambia polepole: "Nanzala, ingekuwa zamu yako, hungebonyeza?"

Ningebonyeza. Mbio!

Jumanne, 4 Machi

Wah. Sijui nianzie wapi.

Tumeingia tena. Namba ya simu ya Diana ilikuwa bado imeandikishwa kwenye email yake, akatumiwa namba za siri, ikafunguka kwenye kompyuta ya Kocha, na zetu zikafuata. Tukaweka barua ya Jumapili kando ya zile za zamani za Sorvano. Za zamani ni kavu kama githeri ya juzi sufuriani: viatu vimetumwa, chukueni. Hii nyingine ina salamu, ina pole ya mazoezi, ina picha ya Diana akikata utepe wa mbio ndogo za hapa mwaka jana, ile aliyoiweka mtandaoni mwenyewe. Mwizi ana adabu kushinda kampuni!

Kocha akagusa lile jina "Sorvano" pale juu, na anwani yenyewe ikajitokeza. Baada ya ile alama ya @ kulikuwa na neno jingine kabisa. Anasema jina la juu ni rangi tu. Pale mtaani Langas kibanda cha mboga kimepakwa rangi za kampuni ya simu, je, mwenye sukuma wiki ndiye kampuni?

Halafu tukafungua zilizotumwa. Mtu amewaandikia Sorvano kwa jina la Diana, kwamba amehama benki, malipo yake yaende kwingine. Na mwisho kabisa akaandika: mbarikiwe, ni mimi Diana, nakimbia kwa neema. Hivyo ndivyo Diana humaliza barua zake zote! Mtu ambaye hajawahi kumwona ameketi mahali, akasoma barua zake, akamkariri kama wimbo. Nywele zilinisimama. Nilimchukia, na papo hapo nikamstaajabia, Mungu anisamehe.

Diana aligusa kioo kwa kidole. "Huyu ni mimi kabisa," akasema.

Jumatano, 5 Machi

Leo hatukukimbia. Sijawahi kuona Kocha akifuta mazoezi, hata siku ya mvua ya mawe. Alituita uwanjani na simu zetu. Kila mtu atengeneze neno lake la siri, asimwambie yeyote, hata anayelala naye chumba kimoja.

Tulisimama tukitazamana. Kisha mmoja mmoja tukageuziana migongo. Watu wanaokunywa chai kikombe kimoja! Felix akaniuliza kwa mazoea, "Wewe umeweka nini?" Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Aliona, akacheka kidogo, na hapo ndipo nilipomsamehe.

Jioni barua ya Sorvano ikaingia kwa Diana, na tulipoiona ofisi zao zilikuwa zimeshafungwa. Kavu. Anwani ni ile ya zamani. Wamepokea habari ya benki mpya, wameshuku, wamesimamisha kila kitu, hata mwaliko — kumbe mwaliko wa kweli ulikuwepo! Watapiga simu kesho wamsikie mwenyewe. Na miadi ya viza Nairobi, aliyoiomba Jumapili kwa furaha, ni Ijumaa! Bila mwaliko hakuna viza, na bila viza hakuna Italia.

Kocha amesema anwani inaonyesha ni wao, lakini sauti ya simu haina anwani. Atakayepiga asiambiwe kitu. Tutapiga sisi, kwa namba iliyochapishwa kwenye boksi la viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika boksi likiwa mapajani.

Simu iliita tukinywa chai. Namba ya nje. Mwanamume, Kiingereza cha kizungu, mpole: habari za asubuhi Diana, hongera, nisomee tu namba ya pasipoti tumalize. Upole wenyewe ndio ulionitisha. Diana alifumba macho. "Samahani, sir. Sisi ndio tutakupigia." Akakata.

Kama ni mwizi, amemshinda. Kama ni Sorvano, ameikatia Italia simu.

Nikamsomea namba ya boksi, akapiga. Inatumika. Akarudia. Inatumika.

"Labda ni wao wanatupigia sisi," Felix ananong'ona.

Hakuna aliyecheka. Tukiiacha simu ili waingie, hatutajua ni nani. Tukiendelea kupiga, huenda tunawazibia njia. Basi la Nairobi linaondoka jioni. Mamake ametuma ujumbe, anauliza mursik aitie siku gani. Diana hajamjibu. Amenitazama mimi, kisha boksi.

"Soma tena, pole pole."

Nasoma. Anabonyeza. Sasa inaita —