Nilikupokea Kaburini, Mama

Mama,

Mjomba Athumani ameitikia shikamoo yangu. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza. Miaka saba nimemwamkia kaka yako, miaka saba ananipita kama hakusikia, na wewe ukinisisitiza, "Mwamkie tu. Wewe timiza yako."

Jana tulisoma hitma ya arobaini yako. Nyumba ilijaa mpaka uani. Nikalala usingizi mzito, wa kwanza tangu ututoke, na sasa nimeshika kalamu nikueleze.

Nilikuwa naogopa, Mama. Ulipougua sikuogopa kukukosa tu, niliogopa na maziko yako. Unakikumbuka kile kikao cha ukoo, nikiwa na miaka kumi na tisa, watu walipompelekea Mjomba habari zangu na Rashidi? Alisema mbele ya wote kwamba mwanamume anayependa mwanamume mwenzake si mpwa wake, na siku dada yake akifa, mimi sitagusa jeneza. Baba alikuwa ameshafariki, hapakuwa na wa kunisemea. Ukasimama wewe. Ukakaza kanga kiunoni, ukasema kwa sauti yako ya kawaida, "Huyu nimemzaa mimi, na kosa lake silioni. Anayetaka kumtoa humu, anitoe mimi kwanza." Kisha ukaenda jikoni kuwapakulia wali, maana walikuwa wageni wako.

Nilidhani yameishia pale. Kumbe wewe ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, mitumba imeingia Lindi, nawe umepata meza yako sokoni. Wanawake wakija kuchagua magauni, unawauliza habari za watoto wao, mmoja mmoja. Ndivyo ulivyompata Bi Mwanahawa. Ulimuuliza, "Na Hemedi wako yuko wapi siku hizi?" Akaiachia blauzi aliyoshika, akalia pale pale. Mumewe alikuwa amemfukuza Hemedi kwa jambo lile lile langu, na jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani. Hukumpa pole nyingi. Ulimwambia, "Kesho twende kwa mumeo, tukakae."

Mkaenda, mkakaa. Hamkuwa na bango wala risala. Mlikwenda kwenye nyumba iliyomkataa mtoto, mkatandika mkeka, mkazungumza na wazazi. Mkifukuzwa, mnarudi wiki inayofuata. Mkawa watatu, mkawa sita. Ulipanda lori hadi Nyangamara kwa ajili ya binti aliyekuwa akipigwa kwa kumpenda rafiki yake wa kike. Ukarudi na vumbi mpaka kwenye kope. "Hawajakubali," ukasema, "lakini wameacha kumpiga." Ukacheka, ukaomba maji ya kuoga. Kuna watu waliokutukana sokoni. Kuna mmoja aliyezimwagia nguo zako maji machafu. Ulizifua, ukazianika, ukazirudisha mezani.

Nami nilijificha nyuma yako. Sikwenda hata nyumba moja. Nisamehe hilo.

Siku ya maziko nilikaa pembeni nikisubiri kuambiwa nisifuate. Hakuna aliyenizuia. Nilifuata nyuma kabisa, mimi na Rashidi. Makaburini wakatandaza kanga juu ya kaburi, Mjomba akashuka. Shehe akauliza ni nani mwingine wa kukupokea, maana mwanamke hupokewa na maharimu wake, wanaume wa damu yake. Nilikuwa natazama viatu vyangu. Ndipo nikasikia sauti ya Mjomba kutoka chini.

"Idi yuko wapi? Idi, shuka, mwanangu. Peke yangu sitaweza."

Nilishuka. Sikumbuki nilishukaje. Mjomba alinishika kiwiko nisianguke, tukakupokea, mimi upande wa mabega. Ulikuwa mwepesi, Mama. Mwepesi mno. Tulipopanda juu nikamwamkia, kwa mazoea tu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," akasema, akanipangusa udongo begani.

Sikujua kilichombadilisha mpaka jana, aliponieleza mwenyewe baada ya hitma. Asubuhi ya maziko Bi Mwanahawa na wenzake walikwenda kwake, wakatandika mkeka mlangoni. Hawakumlaumu. Walimuuliza jambo moja tu, kwamba dada yake angependa kupokewa na nani. "Nilitafuta jibu jingine, sikulipata," Mjomba akaniambia. "Mambo yako bado sijayaelewa, Idi. Lakini nimechoka kujifanya sina mpwa." Wakati huo Rashidi alikuwa anapita na birika akiwanawisha watu. Alipofika kwa Mjomba akasita. Mjomba akanyoosha mikono yake kama wengine.

Sijui nikuelezeje nafuu hii. Leo nimetembea sokoni na nikagundua sikutazama nyuma hata mara moja. Hemedi naye amerudi kutoka Dar. Baba yake anamwita kwa jina, tena kwa ukali, kama anavyowaita wanawe wengine, na Bi Mwanahawa akisikia anaenda kucheka jikoni.

Kuna jambo moja zaidi. Asubuhi hii alikuja mama mmoja kutoka Kinjumbi. Amesafiri njia yote hiyo akikuulizia wewe. Nikamwambia umefariki. Akaomba radhi, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akageuka kuondoka. Nilimwacha, Mama. Nilimwacha hadi akafika barabarani. Kisha nikamkimbilia. Nikamwambia, "Mama, rudi ukae. Mimi ndiye mwanawe. Nieleze mimi."

Akanieleza. Mwanawe wa kiume amefungiwa ndani ya ghala la mahindi kwa jambo lile lile, na baba yake hataki kumwona. Kesho tunakwenda Kinjumbi, Bi Mwanahawa na mimi. Nitakaa mbele ya huyo baba na nitamwambia kwa kinywa changu mimi ni nani. Naogopa bado, lakini nitasema. Nakuahidi, na si kwa nyumba hii moja tu.

Kwaheri, Mama. Mungu akupe raha huko uliko. Mgeni wetu nimempa kitanda chako, amelala fofofo. Kesho nitamwamsha mapema.

Mwanao,
Idi