Vyuma Viwili vya Babu

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko? Baridi imepungua, na kifua je, bado kinakusumbua? Sisi tu wazima. Baba anakohoa kidogo lakini dawa hataki kuiona, si unamjua mdogo wako. Mama yuko na cherehani yake.

Kuna jambo limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita, na naona ni wewe peke yako unayeweza kunitoa gizani.

Alikuja mwenye duka la vitu vya kale kutazama kabati letu. Akajikwaa kwenye kile chuma kinachozuia mlango wa sebuleni. Badala ya kulalamika, akakiinua, akakigeuzageuza, akauliza, "Mwenzake yuko wapi?"

Mama akacheka. "Mwenzake nani, baba? Hicho ni chuma cha mlango, hakijaoa."

Ndipo nikakumbuka chuma ambacho Mama huegemezea pasi chumbani. Nikakileta. Yule bwana akaviweka mezani, akaazima vitabu vyangu na kuvisimamisha katikati. Havikuanguka! Kumbe ndiyo kazi yake, kushikilia vitabu visianguke, na sisi tumeishi navyo miaka yote hii bila kujua. Alisema siku hizi watu wanavikusanya kwa ajili ya urembo, hasa vilivyofuliwa kwa mkono, na akavitaka vyote viwili.

Nikabaki na swali. Vyuma hivi alivifua Babu; alikuwa mhunzi, kusoma hakujua, na humu ndani hamkuwa na kitabu ila vyako vya shule. Sasa alimtengenezea nani?

Nilivisugua kwa majivu na limau mpaka weusi ukatoka. Ni shaba, Shangazi. Kila kimoja kina bawa moja lililogongwa kwa nyundo. Ukivisogeza vikagusana, unaona kipepeo. Hakuna aliyewahi kumwona, maana kimoja kilikaa sebuleni na kingine chumbani. Na Baba anasema Kipepeo ni jina ambalo Babu alikuwa akikuita wewe tu.

Bawa la kulia limepigwa tupa hadi likawa laini. La kushoto bado linakwaruza kidole, kama kazi iliyoachwa njiani.

Sisi watoto tumekua tukisikia kwamba Babu alikukataza kwenda kusoma mbali, mkarushiana maneno, ukaondoka bila kumuaga. Siandiki ili nikutoneshe kidonda. Ila nilipombana Baba, alikuna kichwa, akasema, "Wewe binti una maswali kama polisi! Baada ya ule ugomvi, wakati hawasemezani, mzee alinituma nichukue kitabu kimoja cha dada kwa siri. Akakipima kwa kiganja, akaniambia nikirudishe upesi. Mimi nikadhani uzee umeanza."

Labda nafuma hadithi kwa sababu natamani iwe kweli. Najijua. Ndiyo maana nakuuliza wewe: aliwahi kukuonyesha? Alikudokeza hata kidogo? Au miaka yote hii umeamini kwamba hakutaka usome?

Baba ameniambia nikuandikie mwenyewe. Ukisema ni vyako, hakuna atakayevigusa. Ukinyamaza, mwenye duka atavichukua mwisho wa mwezi. Unajua kunyamaza, Shangazi, sote tunalijua hilo. Safari hii nakuomba usinyamaze, hata kama jibu ni viuzwe.

Wasalimie binamu zangu mapacha, na yule mkubwa mwenye maringo mwambie picha zake tumeziona na tumecheka vya kutosha. Mama anakukumbatia. Baba ametuma salamu kwa maneno yake yale yale: "Mwambie nipo."

Mungu akupe afya na moyo mwepesi.

Vyuma viko juu ya meza yangu sasa. Vitabu vyangu nimevirudisha sakafuni. Ile nafasi ya katikati, kila nikiitazama, naona si yangu.

Wako akupendaye,
binti wa mdogo wako