Mche wa Zambarau wa Dharam

Jumapili, 3 Septemba
Mmoja tu! Miche yote ya bangi ukingoni mwa mahindi ni kijani, mmoja majani yake yamegeuka zambarau — na baridi bado. Basi rangi ni ya uzao. Mwaka jana shemeji Jhabe alichuma mbegu za miche iliyogeuka rangi kwa baridi. Zote zimetoka kijani. Mume wangu Dharam alimwambia rangi ya baridi hairithiwi. Hakusikia.

Alhamisi, 14 Septemba
Nimemwona Dharam jela. Kakonda. Hata watoto hakuwaulizia kwanza. "Umetokea?" Nikasema umetokea. Akalia. Askari jela alidhani nimeleta habari za msiba. Miaka sita anautafuta — mche unaowahi rangi huwahi kukomaa, theluji isiukute. Kafungwa kwa bangi ya shamba hilihili.

Jumanne, 26 Septemba
Mahindi tumevuna. Mche umebaki wazi. Mama mkwe kauona kutoka hekaluni!
"Kama mimi na macho haya nauona, polisi je?"
Kweli. Bangi ya kijani huota kila kichaka hapa milimani, haina mwenyewe. Huu unapiga kelele kwamba umepandwa.
Shemeji: "Ukate, shemeji. Rangi hailiwi."
Nikamjibu, "Na kaka yako nimwambie nini?" Chapati hakumaliza.

Jumatano, 4 Oktoba
Nimeminya mbegu. Maziwa meupe. Bado hazijakomaa! Polisi wanafyeka bangi ng'ambo ya mto.

Ijumaa, 6 Oktoba
Naandika shambani. Nimeuinamisha mche, nimeufunika kwa mabua ya mahindi, nimekaa mbele yake kama ninayepumzika. Majani yanachomoza tu. Asubuhi mama mkwe alinifokea, sijawahi kumsikia hivyo — mwanangu mmoja yuko ndani, nawe ukienda, hawa watoto nitawalea na nani? Nikatoka.

Polisi wako darajani. Wanne. Shemeji anawachelewesha kwa chai, anacheka sana, kicheko cha uongo.

Mama kapanda hadi hapa na mundu. Nikajua yamekwisha. Kakaa kando yangu, anahema.
"Zimekomaa?"
"Bado, mama."
"Hata chache?"
Nikampa moja. Kaiminya kwa ukucha. Kaangalia kidole chake chenye maziwa, kaangalia darajani. Polisi wanarudisha vikombe.
"Dharam alilia kweli?"
"Alilia."
Kavua shali yake, kaitandaza juu ya mabua, kayaficha majani. Mundu hajauachia.